Mashini Ndogo ya Mezani
Sisi tunaochonga mifano midogo ya mashua na magari ya moshi tulichanga feza tununue mashini ya CNC, ile inayoongozwa na kompyuta. Wengi huuliza kwanza ukubwa. Ile iitwayo 3018 huchonga mahali pa santimetri 30 kwa 18. Wenzetu wengine walitaka kubwa zaidi. Lakini mwili ukilegea, kisu hutetemeka, na ubao hutoka na makovu. (Wauzaji hawapendi kulitaja neno hilo.) Kwa mbao laini si kitu, aluminiumu haivumilii. Basi tulichagua iliyo ndogo kuliko hiyo, lakini nzito. Feza iliyobaki tulinunua visu, vibano na miwani ya kukinga macho. Mashua ndefu tutaichonga vipande viwili, tuviunge kwa gundi.