Uso wa Pili

Wanafunzi, mtazameni mtu anayepigwa picha. Hunyosha shingo, hufunga vifungo vya koti, hutabasamu au hukaza macho. Na kabla uso huo haujachoka, picha imekwisha pigwa. Walakini kazi ya mchoraji huenda polepole. Anayechorwa hukaa saa nzima, pengine saa mbili, wala hakuna awezaye kuushika uso wa wageni muda wote huo. Uso huo huchoka, huanguka, na uso wa pili hutokea. Huo ndio anaoungojea mchoraji.

Huko Kenya, kuanzia miaka ya 1940, Joy Adamson, yule yule aliyemlea simba jike Elsa, alichora mamia ya watu wa makabila mengi. Alitaka hasa kuhifadhi mavazi na mapambo yao ya kale, hata shanga waweza kuzihesabu. Kazi njema, lakini mimi humpenda zaidi Rembrandt wa Uholanzi, aliyejichora mwenyewe tangu ujana wake mpaka mwaka 1669, mwaka aliokufa. Mkewe alikufa mwaka 1642. Yeye akafilisika mwaka 1656. Mwanawe Titus akafa mwaka 1668. Katika picha za mwisho hamna machozi. Mna macho tu ya mtu aliyezoea.

Nami, kwa kuwa nalipenda kujaribu, nalimchora bibi yangu hapa Kidugala, mwezi wa Julai, wakati baridi inapotufunga sote katika mablanketi. Alikaa mlangoni penye jua. Mwanzo alicheka, akauliza kama nitayaonyesha mapengo yake. Kisha akanyamaza. Nikaona macho yake yamekwenda kwenye njia ya Makambako, nayo hayarudi. Nikachora nilichokiona: kope zilizolegea kidogo, na kinywa cha mtu aliyetaka kuita akajizuia.

Alipoitazama picha hakusema kama imefanana naye. Aliuliza, "Mjukuu wangu, nani amekuambia habari za babu yako?"

Sikuwa nimeambiwa neno. Ndipo akanisimulia jinsi babu alivyopita njia ile kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kama walivyokwenda Wabena wengi siku zile, naye hakurudi. Wanawe mwenyewe hakupata kuwaeleza hayo. Alisimulia mpaka jua likahama mlangoni. Kisha akaniomba nisiitundike picha ile sebuleni, bali chumbani mwake, ielekee kitanda.