Motokaa za Fremont

Mnunuzi wa Marekani, alipolinganisha motokaa ya kwao na ya Japani, aghalabu alihukumu kwa jina. Ya kigeni aliiamini, ya kwao aliishuku, wala hakukosa sababu. Kiwanda cha General Motors mjini Fremont, California, kilisifika kwa utoro na kazi mbovu hata kikafungwa mwaka 1982, na lawama ikawaangukia wafanyakazi.

Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota. Wengi wa wafanyakazi walikuwa wale wale waliolaumiwa. Tofauti ilikuwa kamba: kila mmoja aliruhusiwa kuivuta na kusimamisha kazi aonapo kasoro. Zamani kazi haikusimama, na kasoro ilipita kama mgeni asiyeulizwa atokako. Motokaa zikatoka njema.

Katika miaka ya 1990 kiwanda hicho kilitoa Toyota Corolla na Geo Prizm, mapacha wa tumbo moja. Corolla iliuzwa kwa bei kubwa zaidi, na hata ilipochakaa haikupoteza thamani upesi. Prizm, iliyovaa jina la nyumbani, haikupewa heshima hiyo. Ajabu iliyoje! Aliyelipa zaidi ili akwepe kazi ya Mmarekani aliendesha motokaa iliyoundwa na Wamarekani wa Fremont.