Tutakachochunga ni Waya

Mjomba wangu ni mpiga isukuti wa Shinyalu, na isukuti haipigwi ikiwa imewekwa chini. Huning'inizwa begani, ikabanwa kwapani, mikono ikafanya kazi kutoka arusi hadi matanga. Alipopandikizwa difibrileta, mashine ya kuushtua moyo kwa umeme ukishikwa na mbio za hatari, jijini Nairobi, chini kidogo ya mtulinga wa kushoto, jamaa tulimiminika na maswali kuhusu mashine. Betri yake inadumu? Inahimili radi za Kakamega? (Anayeijua anga yetu saa kumi alasiri hatalicheka swali hilo.) Daktari alitusikiliza, kisha akasema: "Mashine haina neno. Tutakachochunga ni waya."

Mashine yenyewe hukaa tuli chini ya ngozi, ndani ya kasha la titani. Anayehangaika ni waya. Mara nyingi hupita kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, ukashuka ndani ya mshipa hadi moyoni, na huko hupindwa kila moyo unapopiga, yaani kama mara 100,000 kwa siku. Betri ikichoka baada ya miaka 7 hadi 10 hivi, mashine hubadilishwa kwa upasuaji mdogo, na waya ule ule wa zamani ukaunganishwa na mashine mpya. Kuung'oa si mchezo, kwa sababu makovu huwa yameugandisha kwenye mshipa na moyo. Mjomba aliposikia kwamba mtulinga na ubavu vinaweza kuubana waya mkono unapofanya kazi, aliwaachia vijana ngoma. Siku hizi anaimbisha.

Mgonjwa wa kwanza alipandikizwa difibrileta huko Baltimore, Marekani, mwaka 1980, kwa juhudi za daktari Michel Mirowski. Mashine zimepungua ukubwa na kuongezeka akili tangu hapo, lakini nyaya zimeleta majonzi. Sprint Fidelis, waya wa kampuni ya Medtronic, ilipendwa kwa wembamba wake, maana ilipita mshipani bila taabu. Oktoba 2007 iliondolewa sokoni kwa kuwa ilikuwa inakatika, na kufikia wakati huo watu takriban 268,000 duniani walikuwa wamewekewa. Waya uliokatika hupeleka kelele, mashine ikadhani moyo umeshikwa na mbio za hatari, ikamshtua kwa umeme mtu aliyekaa zake akinywa chai. Kisha ikaja zamu ya Riata ya St. Jude Medical: nyuzi za ndani zilitafuna ganda lake mpaka zikatokeza nje. Mwaka 2011 mamlaka ya Marekani iliitolea onyo la daraja zito kabisa. Baadhi ya waliokuwa nayo hawakuhisi chochote. Ni picha ya eksirei iliyosema.

Tangu siku ile ya mjomba hospitalini natazama mambo mengi kwa jicho la yule daktari. Mwaka 2015 serikali kuu ilianza kuzikodia kaunti vifaa vya hospitali. Hotuba zilitolewa, picha zikapigwa. Seneti ilipokuja kuchunguza, ilikuta baadhi ya vifaa vimelala kwa kukosa wataalamu au miundombinu ya kuviendesha. Nyumbani hatuna afadhali. Harambee ya upasuaji ilikuwa na mwenyekiti, mweka hazina na kadi za michango. Nauli ya kliniki, mwaka baada ya mwaka, haina kamati. Nadhani hapo ndipo tunapowapoteza wazee wetu wengi, baada ya makofi kwisha.

Kama una jamaa mwenye kifaa hiki, mwombe kadi aliyopewa hospitalini uitunze. Usome aina ya waya na mwaka uliowekwa, si jina la mashine peke yake. Mpeleke kliniki tarehe ikifika hata kama anajisikia mzima. Akishtuliwa na umeme, au kifaa kikitoa mlio, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Na nauli yake anzeni kuichanga leo.