Nafasi Iliyoachwa Wazi

Kabla ya falsafa nilisoma kompyuta kidogo, kwa hiyo maswali ya kanzidata huniangukia mimi hapa Morogoro. Wakati wa likizo karani wa parokia moja ya milimani Uluguru alinipigia simu. "Tumsifu Yesu Kristo, frateri. Nataka orodha ya waliobatizwa ambao hawajafunga ndoa." Nilikuwa na haraka. Nikamtumia mstari mmoja wa SQL: toa kila ambaye safu yake ya ndoa si "ndiyo".

Wiki iliyofuata dada mmoja aliteremka mlimani kufuata cheti cha ubatizo, apate kuandikisha ndoa. Hakuwamo katika orodha. Akaulizwa mbele za watu mume wake wa kwanza ni nani.

Kosa ni langu. Safu yake haikuwa na "ndiyo" wala "hapana", iliachwa wazi. SQL huita hali hiyo NULL. Ukiuliza kama NULL si "ndiyo", jibu halitakuwa kweli wala uongo, bali "haijulikani", na mtu huyo anaachwa nje. (Aristotle asingefurahi.) Ilitakiwa kuongeza maneno machache tu: OR ndoa IS NULL.

Kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa inaagiza ndoa iandikwe pia katika kitabu cha ubatizo. Karani alipokifungua, pembeni mwa jina la dada palikuwa peupe. Padre akipaona hapo husoma: hajafunga ndoa. Kompyuta ilisoma: sijui.

Nilipopiga simu kuomba radhi, dada alikwisha kupanda kurudi kwao. Nikaomba namba yake.