Mtaka cha Mvunguni na Asiyeweza Kuinama

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii aghalabu hutumiwa kumzindua mvivu anayetamani mazao bila jasho, na ni nadra kwa anayeitumia kuulizwa swali la pili: je, mgongo ukiwa haupindiki? Swali hilo limezua ubishi mkali mahali ambapo wanafunzi wengi wa fasihi hawangetarajia kulikuta, yaani miongoni mwa wachezaji wa michezo ya video. Ubishi wenyewe unahusu Elden Ring, mchezo uliotolewa tarehe 25 Februari 2022 na kampuni ya FromSoftware ya Japani. Si ubishi wa watu wachache, kwani kufikia Februari 2023 nakala zaidi ya milioni 20 za mchezo huo zilikuwa zimekwisha kuuzwa duniani. Wala si ubishi wa kitoto. Kinachobishaniwa ni jambo ambalo mhakiki wa fasihi amelizoea kwa sura nyingine: kazi ya sanaa inapokuwa ngumu, ugumu huo unamjenga nani, na unamfukuza nani?

Kwa asiyeufahamu, Elden Ring ni fantasia. Mchezaji humuumba mhusika wake, humchagulia sura na silaha, kisha humwongoza katika nchi iitwayo Lands Between. Malkia wa nchi hiyo, Marika, aliivunja pete iliyokuwa nguzo ya utaratibu wa ulimwengu, nao watoto wake wakapigania vipande vyake hadi nchi ikawa magofu. Visasili vya nchi hiyo viliandikwa na George R. R. Martin, mwandishi wa riwaya wa Marekani, ilhali mchezo wenyewe uliongozwa na Hidetaka Miyazaki. Mapambano hutukia papo kwa papo. Upanga wa adui unaposhuka, mchezaji hana budi kubonyeza kitufe cha kukwepa wakati huo huo, la sivyo mhusika wake anakufa. Akifa, huiacha pale alipoangukia akiba yote aliyokuwa amebeba. Anaweza kuirudia na kuiokota, lakini akifa tena kabla ya kuifikia, imepotea kabisa. Hakuna mahali pa kuchagua daraja rahisi au daraja gumu. Wote hukutana na majitu yale yale, yenye nguvu zile zile.

Kambi ya kwanza katika ubishi huu ni ya wale wanaoutetea ugumu. Wengi wao walilelewa na michezo ya awali ya kampuni hiyo, hususan Demon's Souls ya mwaka 2009 na Dark Souls ya mwaka 2011, nao wana desturi ya kumjibu kila anayelalamika kwa amri fupi ya kumtaka aende akawe hodari. Ni jibu la kejeli, lakini nyuma yake ipo hoja isiyofaa kubezwa. Wanasema kwamba hofu ni sehemu ya maana. Nchi iliyovunjika, ambamo hata miungu imeoza, haiwezi kupitwa kwa matembezi ya jioni. Mchezaji aliyekufa mara arobaini mbele ya jitu moja, akajifunza mwendo wa mkono wake na pumzi ya shambulio lake, anapata kwa kifo cha arobaini na moja kile ambacho hakuna masimulizi yanayoweza kumpa. Miyazaki mwenyewe aliwahi kueleza, mwaka 2022, kuwa taabu ndiyo inayoyapa tajiriba hayo maana, na kwa hiyo hakuwa tayari kuiacha. Kwa lugha ya uhakiki, kambi hii inadai kwamba ugumu ni fani, na kwamba fani haitenganishwi na maudhui bila ya kuyajeruhi yote mawili.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atahisi kwamba anaijua njia hii. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, ubishi juu ya ushairi usiofuata vina na mizani uliwaka na kuendelea kwa miaka mingi. Alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, wasomaji wengi walitatizika kushika hata mkondo wa visa. Hata hivyo, hakuna aliyemtaka mwandishi aambatishe toleo jepesi la Nagona nyuma ya kitabu. Kwa nini basi mtunzi wa mchezo adaiwe kile asichodaiwa mtunzi wa riwaya?

Hapa ndipo tofauti moja ya msingi inapojitokeza, na kambi ya pili ya wachezaji huishikilia kwa mikono miwili. Kitabu kigumu hakijifungi. Msomaji asiyeelewa ukurasa wa kumi anaweza kuufunua wa kumi na moja, akaendelea hadi mwisho akiwa na maswali yake mkononi. Mchezo haufanyi hivyo. Anayeshindwa mlangoni hubaki mlangoni, na vyote vilivyo ng'ambo ya mlango huo, mji na muziki na mwisho wa hadithi, vitabaki kuwa fununu kwake ingawa amevilipia. Ni kweli kwamba Elden Ring imepunguza ukali wa jambo hili. Nchi yake ni wazi, na mchezaji aliyetolewa jasho na Margit, jitu linalolinda njia ya kuingilia kasri la kwanza, anaweza kugeuza farasi wake, azuru mapango na vijiji, aongeze nguvu, kisha arudi. Anaweza hata kulizunguka kasri hilo asiingie. Lakini mwisho wa yote yapo majitu yasiyozungukika, na hadithi haifiki tamati ila kwa kuyapiga.

Ni mbele ya majitu kama hayo ndipo suala la msaada linapoibua maneno makali zaidi. Mtunzi ameweka ndani ya mchezo majivu ya wafu ambayo mchezaji anaweza kuyatumia kuita mizimu ipigane upande wake. Mzimu mmojawapo humwiga mchezaji mwenyewe, sura kwa sura na silaha kwa silaha. Aidha, mchezaji anaweza kupitia intaneti kumwita mchezaji mwingine, mtu halisi asiyemjua, aje kumwauni. Wapo wanaoshikilia kwamba aliyeshinda kwa njia hizo hakushinda. Dai hili lina kasoro iliyo wazi: msaada huo haukuibwa nje ya kazi, bali ni sehemu ya kazi. Fauka ya hayo, Miyazaki amekiri hadharani kwamba yeye si mchezaji hodari, kwamba hufa mara nyingi, na kwamba anapocheza hutumia kila msaada uliopo. Ikiwa mtunzi mwenyewe anaingia kwa mlango huo, ni vigumu kuelewa bawabu aliyejiteua amepata wapi ufunguo wa kuufunga.

Chimbuko la msaada huu linafaa kukumbukwa. Miyazaki amesimulia kwamba siku moja magari yalikwama na kuteleza katika mlima wenye theluji, likiwemo lake. Gari la nyuma likawa linalisukuma lililo mbele yake, hivyo hivyo mpaka yakaanza kupanda. Hakuweza kusimama kumshukuru aliyemsukuma, maana angesimama angekwama tena, na alipovuka alibaki akijiuliza iwapo aliyekuwa wa mwisho naye alivuka. Kutokana na tukio hilo alibuni utaratibu wa wageni kusaidiana katika Demon's Souls, nao ukarithiwa na michezo iliyofuata. Kwa hiyo, mchezo unaosifiwa kwa ukatili wake ulijengwa tangu mwanzo na mtu aliyesukumwa.

Hata hivyo, kuna msaada na msaada. Mwaka 2022 wachezaji wengi walikwama kwa Malenia, binti wa Marika, ambaye kila pigo lake linapompata adui huponya majeraha yake mwenyewe. Akatokea mchezaji mmoja, mhusika wake akiwa karibu uchi na chungu kimemfunika kichwa, aliyekuwa akiitika mwito wa wageni na kupigana na Malenia peke yake huku wenyeji wake wakitazama kando. Alifanya hivyo mara nyingi mno hata kampuni inayousambaza mchezo ikamtunukia upanga halisi. Je, yule aliyesimama kando alishinda? Hapa jibu la haraka halisaidii. Wanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya wanalijua swali hili vizuri, kwani wamekua wakionywa kuhusu miongozo ya vitabu teule. Upo mwongozo unaomshika msomaji mkono na kumwingiza kitabuni, na upo ule unaomwezesha kujibu mtihani bila kukifunua kitabu. Huenda kipimo cha haki ni hicho: si kama mtu amesaidiwa, bali kama msaada umemwingiza ndani ya kazi au umembakiza nje. Aliyemtazama mgeni akimpiga Malenia bado yumo ndani ya ukumbi, na pigo moja la binti huyo linaweza kumuua. Mlango ukifunguka, atapita kwa miguu yake na kuendelea na safari.

Upande wa hadithi, tofauti ya maoni si ndogo. Elden Ring haisimulii visa vyake kwa mfululizo. Historia ya nchi imetawanywa katika maelezo mafupi ya pete, mapanga na mavazi yanayookotwa njiani, na mengi hayasemwi kabisa. Baadhi ya wachezaji huona huko ni kukwepa kazi ya kusimulia. Wengine huona ndiko kusimulia kwenyewe, nao hukaa pamoja wakiunganisha kipande na kipande, wakipinga na kusahihishana. Katika nadharia ya upokezi, Wolfgang Iser alieleza kwamba matini huwa na mapengo, na kwamba maana huzaliwa msomaji anapoyajaza. Miyazaki hakuhitaji nadharia hiyo. Alizaliwa Shizuoka katika familia isiyo na uwezo mkubwa, na utotoni aliazima maktabani vitabu vilivyomzidi kimo. Sehemu ambazo hakuweza kuzisoma alizijaza kwa ubunifu wake akisaidiwa na picha. Ni vyema kulitafakari jambo hili. Mtindo unaotetewa leo kwa kuwafukuza wasioweza ulianza kwa mtoto ambaye hakuweza, na ambaye kitabu hakikumfungia mlango kwa sababu hiyo.

Mnamo tarehe 21 Juni 2024 ulitolewa mwendelezo uitwao Shadow of the Erdtree, na ubishi ukafufuka. Wachezaji wengi waliusifu, lakini maoni ya wale waliounua kwa ajili ya kompyuta yaligawanyika tangu siku za mwanzo. Baadhi walilalamikia mchezo kukwamakwama katika mashine zao, na wengine walilalamika kwamba ugumu ulikuwa umepita kiasi. Kabla ya juma kwisha, kampuni ilitoa marekebisho yaliyoongeza nguvu za baraka maalumu ambazo mchezaji huzikusanya katika nchi hiyo mpya. Majitu hayakuguswa, bali mchezaji aliongezewa kinga. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba kiwango cha ugumu si wahyi ulioteremshwa. Ni uamuzi wa watu, nao waliouamua waliweza kuupima upya bila ya kazi yao kuporomoka.

Linabaki swali la mgongo usiopindika. Wapo wachezaji ambao vidole vyao havitii haraka, wengine wana mkono mmoja, na wengine hawaoni vyema. Kwao, amri ya kwenda kuwa hodari haina maana, kwa kuwa kinachowazuia si uvivu wala woga. Ugumu uliokusudiwa na mtunzi ni ule wa kusoma hatari na kuishinda hofu. Kutoweza kufikia kitufe si sehemu ya maudhui yoyote. Mambo haya mawili yakichanganywa, kizuizi cha mlangoni hutukuzwa kana kwamba ni falsafa. Tayari ipo mifano ya kuyatenganisha. Celeste, mchezo wa mwaka 2018 unaojulikana kwa ugumu wake, humruhusu anayehitaji kupunguza kasi ya mchezo, na bado sifa yake ya ugumu haijafutika. The Last of Us Part II ya mwaka 2020 ilikuja na njia zaidi ya 60 za kumwezesha mchezaji mwenye ulemavu.

Watetezi wa ugumu wana jibu moja la mwisho, nalo ni la kweli: mlango mwepesi ukiwepo, hata aliyeweza kushinda ataupitia saa ya kukata tamaa, na hatajua kamwe alichokaribia kukipata. Hasara hiyo ipo. Lakini ikipimwa na ya pili, kwamba mwingine hataingia kabisa, mizani haiko sawa. Wa kwanza amepoteza ushindi mmoja, na kesho anaweza kuurudia. Wa pili amepoteza kazi nzima.

Katika Elden Ring mchezaji anaweza kuandika ujumbe mfupi ardhini, kwa maneno machache aliyopewa, ili kumwonya ajaye baada yake juu ya shimo au mtego. Msomaji akiusifu ujumbe huo, mwandishi wake, popote alipo wakati huo, huongezewa uhai. Yawezekana yuko katikati ya pambano na amebakiwa na tone la mwisho. Hatamjua aliyemwokoa, na aliyemwokoa hatajua kwamba ameokoa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naam. Methali hiyo haikusema kwamba ni haramu kumwinamia asiyeweza.