Vua Shati, Baba

Siku ile tulikuwa tunafunga kurasa za toleo jipya. Saa nne asubuhi mke wangu akapiga simu: kichwa kinamgonga tangu usiku, miguu imevimba, machoni anaona nyotanyota. Mimba ilikuwa ya wiki 31. Nikamjibu kama daktari bingwa, "Pumzika mpenzi, ni uchovu wa mimba tu." Nikarudi kwenye kurasa zangu.

Jioni, jirani ndiye aliyempeleka hospitali. Presha ilikuwa juu mno, kifafa cha mimba kinanyemelea. Wakamchoma sindano za kusaidia mapafu ya mtoto kukomaa, na usiku wa siku ya pili akafanyiwa upasuaji. Binti yetu alikuwa na kilo 1.4.

"Usiogope mwanangu," mama mkwe akanifariji, "wa miezi saba hupona, wa nane ndiye wa kuogopa." Nikaikumbatia imani hiyo mpaka asubuhi. Daktari akaivunja kwa upole: kila wiki tumboni ni akiba, na wa miezi nane ana nafasi kubwa kuliko wa saba.

Digrii yangu ya mawasiliano haikunifundisha haya. Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 ni njiti. Akiwa chini ya kilo 2.5 ana uzito pungufu, hata kama ametimiza miezi yake. Njiti mdogo kama wetu mapafu hayajakomaa, hana mafuta ya kutunza joto, kunyonya huku anapumua hawezi, na maambukizi kidogo tu yanamwangusha. Mwaka 2020 njiti wapatao milioni 13.4 walizaliwa duniani, na matatizo ya kuzaliwa njiti yanaongoza kwa kuua watoto walio chini ya miaka mitano.

Mke wangu alikuwa bado hajiwezi. Nesi akanigeukia, "Baba, vua shati." Nikatazama nyuma, nikidhani anamwambia mwingine! Wakamlaza kifuani kwangu, ana kofia na nepi tu, wakatufunga kwa kitenge cha mama mkwe. Njia hii ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipopungukiwa mashine za joto. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie, kulipunguza vifo vya watoto wadogo sana kwa asilimia 25 katika siku 28 za mwanzo.

Kiti cha pili alikaa baba mwenzangu, mwanawe hajafika kilo moja. Tulizoea kusalimiana kwa macho tu, tusije tukawaamsha. Siku ya nne kiti kilikuwa kitupu. Hakuna aliyeuliza.

Sisi tulirudi nyumbani watatu. Leo binti yuko chekechea, mkorofi kweli kweli! Mke wangu hajawahi kunikumbusha simu ile, lakini nikisikia simu yake ikiita wakati wa kufunga kurasa, mkono unanitetemeka.

Kwa hiyo kaka, mwenzio akisema kichwa kinagonga, uso au miguu imevimba, macho hayaoni vizuri, usimwambie apumzike. Chukua funguo, nendeni hospitali. Kurasa zitasubiri.