Kiswahili cha Mama ng'ambo ya ziwa

Mtu wa kwetu akisikia kwamba jamaa fulani imehamia nchi ya kigeni, huwaza mara Ulaya: baridi, makoti mazito, na lugha isiyofahamika. Jamaa yangu haikufika huko. Mwezi wa nane wa mwaka 2022 tulitoka Bukavu, bibi yangu na mimi na watoto wetu watatu, tukateremka mpaka Uvira, tukavuka Burundi, na baada ya mpaka wa Manyovu tukafika Kigoma, katika nchi ya Tanzania. Huko nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha Kifaransa katika shule ya sekondari. Ndugu zetu walituaga pasipo machozi mengi. Walisema, "Mnakwenda kwa watu wa Kiswahili, mtakuwa kama nyumbani." Tena mwaka uleule Kongo ilikuwa imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, basi kila mtu aliona kwamba tunatoka chumba kimoja kwenda chumba kingine cha nyumba moja.

Lakini ugeni wa karibu una taabu yake, na taabu hiyo mtu wa Ulaya haijui. Aliyehamia mbali anajua kwamba hajui neno. Aliyevuka Tanganyika anafikiri kwamba anajua, na wenyeji nao wanafikiri kwamba anajua, na hapo ndipo kila neno linapomtega.

Mambo madogo tuliyazoea upesi. Magari hupita upande wa kushoto. Kwa majuma mawili tuliwashika watoto mikono kila njia panda. Kodi ya nyumba ililipwa ya miezi sita kwa mara moja, nasi tukala maharagwe mpaka mshahara wa pili. Fedha ni shilingi tu. Bibi yangu, aliyezoea kule kwetu kukataliwa dola kwa sababu ya mpasuko mdogo kama ukucha, alistaajabu kuona noti iliyochakaa kabisa inapokelewa sokoni bila maneno. Saa nayo iko mbele ya saa ya Bukavu kwa saa moja, na kwa kuwa Kigoma iko magharibi kabisa ya nchi ile, jua huchomoza karibu saa moja ya asubuhi. Watoto walikuwa wakiamshwa gizani na kuuliza kama mama amekosea saa.

Karatasi za serikali sizisemi sana. Pana kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, na kila kimoja kina muda wake na gharama yake. Ila mzazi anayekusudia kuhama asisahau bulletini za watoto pamoja na hati zao za kuzaliwa. Sisi tulizibeba, zikatufaa.

Sasa nirudie neno la lugha. Jumapili ya kwanza, baada ya Misa, tulikaribishwa katika jumuiya ya mtaa wetu, ile ambayo Bukavu tunaiita shirika. Nikasimama, nikawaeleza kazi yangu, kisha nikasema, "Na huyu ni bibi yangu." Watu wakatazamana. Mama mmoja mzee akacheka mpaka akashika ubavu: "Mwalimu, bibi yako mbona kijana hivi? Hata mimi simfikii kwa meno!" Maana huko bibi ni mama wa baba au wa mama. Mwenzi wa ndoa huitwa mke, na akina mama waungwana huitwa kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Tulicheka pamoja nao, na tangu siku ile tukapata jina katika mtaa. Kicheko cha namna hiyo hakimwumizi mtu.

Sokoni Mwanga mambo hayakuwa mepesi vile. Bibi yangu aliuliza sombe, akaambiwa haipo, na huku amesimama mbele ya fungu zima la sombe mbichi, kwa sababu kule jina lake ni kisamvu. Lengalenga ni mchicha. Mikeke ya Uvira ni migebuka. Sambaza hawazijui kwa jina hilo, wanasema dagaa. (Hapa niseme neno moja kwa ajili ya wanafunzi. Samaki huyo tunayemwita sambaza hakuwa katika ziwa Kivu zamani. Alichukuliwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akatiwa Kivu, akazoea, akazaana, akapewa jina jipya. Alihama kabla yetu, kwa njia iliyo kinyume cha yetu.) Bibi yangu akawa ananunua kwa kunyosha kidole. Akisema "aksanti", muuzaji alijibu kwa upole, "Mama, wewe ni Mkongo, siyo?" Hapakuwa na ubaya katika swali hilo. Lakini mtu akiulizwa neno hilo mara kumi kwa siku, humfikia moyoni.

Watoto, wao walitupwa majini wakaogelea. Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili, na mwaka wake huanza Januari, si Septemba. Binti yetu wa kwanza alikuwa amemaliza mwaka wa tano. Aliwekwa darasa la nne, katikati ya mwaka, ili ashike lugha kwanza. Hesabu alizijua, lakini alizijua kwa Kifaransa. Ilimpasa kujifunza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, kana kwamba mikono yake ingali inasahau ilichokwisha kukifanya. Kaye ikawa daftari, krayo ikawa penseli, kwenda masomo kukawa kwenda shule. Alifunzwa pia kumwamkia kila mkubwa kwa "shikamoo", na kungoja "marahaba". Akisema "jambo" kama kwetu, wenzake walimwambia kwamba hiyo ni salamu ya watalii. Alilia majuma matatu. Juma la nne hakulia tena, na kabla ya Krismasi alikuwa akisema kama mtoto aliyezaliwa Ujiji.

Nilifurahi. Ni mwalimu gani asiyefurahi? Lakini furaha hiyo ilileta jambo ambalo ndilo linaloniandikisha leo.

Siku moja walitujia wageni, majirani wawili na wake zao. Bibi yangu akamwambia binti, kwa maneno ya kwetu, "Kamata biti, bakae hapa mu nyumba." Mtoto akajibu mbele ya wote, bila hasira, kama anavyojibu darasani: "Mama, si 'bakae'. Ni 'wakae'. Na si 'biti', ni 'viti'." Wageni wakatabasamu. Bibi yangu akatabasamu pia, akaingia jikoni, na hakutoka mpaka wageni walipoaga.

Tangu siku hiyo akanyamaza. Si kwa ugomvi. Alipika, alifua, alisali nasi jioni. Lakini mgeni akibisha hodi, alimsalimu na kuondoka. Sokoni akamtuma binti. Katika jumuiya akaketi nyuma kabisa. Huyu ni mwanamke ambaye Bukavu alikuwa akipatanisha watu wa mtaa mzima! Nyumbani alizungumza hasa na kitindamimba, aliyekuwa na umri wa miaka mitatu na hakuwa bado na sarufi ya kumsahihisha mtu. Miezi miwili ilipita hivi. Usiku mmoja nikamwuliza, naye akanijibu maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema: "Baba ya batoto, miye siko mujinga. Kwetu nilikuwa naongeaka na batu bote. Hapa, hata mutoto wangu mwenyewe ananifundishaka kusema."

Wazazi wengi walioko ugenini wanalijua jambo hili, hata wale wa Bruxelles na Montréal. Mtoto hujifunza upesi kuliko mama, na siku moja nyumba hupinduka: mdogo ndiye mkalimani, ndiye mwenye kujibu mlangoni, ndiye ajuaye. Katika lugha ya mbali, mtoto husema tu kwamba mama hajui Kifaransa au Kiingereza. Katika lugha ya karibu, hudhani kwamba mama anaharibu Kiswahili. Hilo la pili naliona baya zaidi, maana linamfanya mama aonekane mtu asiyefunzwa, wala si mgeni.

Sikumwadhibu binti. Alikuwa amefanya kile ambacho shule ilimfunza kufanya. Jumamosi moja nikamchukua pamoja na mdogo wake, tukaenda Ujiji, mahali pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Tuliketi kivulini nikawaonyesha ng'ambo, ambako siku ya hewa safi milima ya Kongo huonekana. Nikawaeleza kwamba misafara ya biashara ilitoka pwani, ikapita Tabora, ikafika hapa Ujiji, na kutoka hapa Kiswahili kilivuka kwa mitumbwi mpaka Manyema, na baadaye kikaenea zaidi. Mapadri Weupe wa kwanza nao walifika Ujiji mwaka 1879, kisha wakavuka. Na watu wa ng'ambo walijifunza dini kwa lugha hiyohiyo. Basi Kiswahili cha mama kilitoka katika mchanga huu mliokalia. Kilipofika kwetu kilikutana na Kibembe, Kifulero, Kishi na lugha nyingine, zikakiachia "ba" zake. Na mwaka 1930, nchi nne zilizotawaliwa na Waingereza, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, zilipounda kamati ya kusanifisha lugha, zilichukua Kiswahili cha Unguja kuwa kipimo. Kongo ilikuwa ya Wabelgiji, haikuwamo. Hicho ndicho kinachotenga "bakae" na "wakae".

Binti alisikiliza, akatupa kijiwe majini, akauliza: "Basi, papa, mbona wewe mwenyewe husemi kama mama? Unasemaka kama kitabu."

Nilikosa jibu la upesi. Ni kweli, Kiswahili changu ni cha vitabu vya misioni; tulikifunzwa seminarini, na Bukavu watoto wa jirani waliniita "mupadri" kwa ajili yake. Lakini nilisikia jambo jingine katika swali lile. Alisema "unasemaka", kwa mkia wa kwetu! Miezi mingi sikuwa nimemsikia akisema hivyo. Nikamwambia tu kwamba mtu aweza kuwa na nguo ya Misa na nguo ya shamba, na zote ni zake.

Tukaweka sheria moja nyumbani, nayo ni fupi: hakuna amsahihishaye mama asipoulizwa. Shuleni, Kiswahili sanifu, tena kisomwe kwa bidii, kwa maana mtihani hauulizi ulitoka wapi. Mimi nami nimeanza kusema kama watu wa kwetu wakati wa chakula, na watoto hunicheka, kwa kuwa nasema vibaya.

Sheria hiyo haikumtoa bibi yangu jikoni, nisiwadanganye. Kilichomtoa ni mashine ya kushona. Alikuwa ameifanyia kazi Bukavu, na huku tulinunua moja iliyotumika, ambayo wenyeji huiita cherehani. Vitenge vya Kongo na mishono ya Kongo vina sifa katika Kigoma. Mama yule mzee, aliyecheka juu ya neno "bibi", alileta kitambaa ashonewe gauni la harusi ya mjukuu wake. Likamkaa vizuri. Juma lililofuata wakaja watatu. Mtu anayepimwa kiuno hana nafasi ya kusahihisha sarufi. Mama anasema, "Inua mukono," naye anainua. Sasa baraza yetu ina akina mama tangu asubuhi. Wengine wameshika "aksanti", na mmoja ameomba afundishwe kupika sombe ya kwetu kwa mawese, badala ya nazi au karanga. Jumapili bibi yangu ameacha kukaa nyuma.

Yote hayajanyoka. Kitindamimba hasemi hata neno moja la kwetu isipokuwa majina ya vyakula. Mama yangu mzazi akipiga simu kutoka Bukavu, mtoto humwambia "shikamoo", naye mzee huuliza, "Huyu mutoto anasema nini?" Binti ndiye anayemtafsiria nyanya yake, kwa Kiswahili cha Bukavu kisicho na doa, kisha hunirudishia simu na kuendelea na masomo yake.

Mwezi uliopita bibi yangu aliagiza kibao cha kutundika barazani. Alimwambia kijana mchoraji aandike "Mushonaji". Kijana akaandika FUNDI CHEREHANI kwa rangi nyekundu, na chini yake, kwa mapenzi yake mwenyewe, akaongeza MAMA MKONGO. Binti alitaka kifutwe kichorwe upya. Mama yake akakitazama kitambo, akalipa shilingi zake, akamwomba nyundo.